Nevena Mwuliza Majina

Nevena Drashkova alishuka kijijini kwetu Brezhene kiangazi cha mwaka 1993, begi mgongoni na daftari la kijani mkononi, na swali lake la kwanza pale mgahawani lilikuwa: "Samahani wazee, nyinyi mnaitwa nani?" Angeuliza njia ya kwenda mpakani, angeuliza dawa ya baridi yabisi, tungemjibu. Aliuliza majina. Mgahawa mzima, kila mtu akatazama kikombe chake.

Mgeni wa mwisho kupita kwetu na daftari alipita mwaka 1972. Majira ya baridi yaliyofuata wakaja askari. Sisi ni Waislamu; walitupanga mstari kwenye theluji mbele ya ofisi ya kijiji, na kila mmoja akaingia kutia saini jina jipya la Kikristo. Mimi niliingia Salih nikatoka Slavi. Jirani yangu Rukie alitoka Rositsa. Mumewe, Ramadan, alikataa kutia saini, wakamfunga. Walimrudisha baada ya mwaka na nusu, kifua kimeharibika, na hakukimaliza kile kiangazi. Majina yetu tulirudishiwa baadaye, serikali ilipobadilika, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mimi nilikuwa na sababu ya kushtuka zaidi ya wenzangu. Wote waliamini kwamba orodha iliyowaongoza askari mlango kwa mlango iliandikwa na yule mgeni wa 1972. Uongo. Iliandikwa na baba yangu, Yusein, karani wa kijiji, na alijua ni ya nini. Baba alikwisha kufa, mama alikwisha kufa, siri nilibaki nayo peke yangu. Sasa amekuja mwanamke kutoka mji mkuu, Sofia, anayesema kazi yake ni kusoma hati kuukuu za serikali na kuuliza habari za watu wachache kama sisi. Ningempendea nini?

"Nani kakutuma?" nilimwuliza.

"Chuo kikuu."

"Na chuo, nani kakituma?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Mwanzoni tulimpa chakula tukamnyima maneno. Rukie ndiye aliyelegea kwanza. Alimkalisha barazani wakatunga pamoja majani ya tumbaku uzini kwa sindano, na Nevena akajichoma vidole vyote kumi.

"Salih, mwanangu, huyu si mpelelezi," Rukie aliniambia. "Sindano anaishika kama kijiko. Wapelelezi hufundishwa kazi."

"Labda kafundishwa kujifanya hajui."

"Wewe hata jogoo akiwika utauliza anamwambia nani."

Kweli ningeuliza. Lakini nilikuja kujua kwamba hata huko atokako hawakumwamini. Wenzake wa Sofia walisema ni kibaraka wa Waturuki. Alipokwenda Istanbul kusoma makala yake, Waturuki wakanong'onezana kwamba katumwa na Sofia. Wagiriki walimzuia mpakani siku nzima wakilichambua daftari lake. Aliomba uprofesa mara mbili. Mara ya kwanza alinyimwa, ya pili akapewa mwenzake Krastanov, mtu wa kuandika habari za wafalme waliokufa, ambao hawabishi. Mume naye alichoka, akaondoka. Nevena alitusimulia haya akila maharage ya Rukie, anacheka, anaomba kuongezewa. Nami nikawaza: mtu anayeshukiwa na kila upande, ama ni mwaminifu kupita kiasi, ama analipwa na wote.

Vuli ya mwaka 1999 mvua ilinyesha siku tatu, naye akashinda kwenye maktaba ya kijiji, ambayo mimi ndiye mtunzaji wake. Hakuniuliza neno. Labda ndiyo maana nilisema. Nilimweleza yote: baba, kalamu yake, jinsi alivyotanguliza jina letu kwenye orodha, kana kwamba hilo lingepunguza kitu. Kinasa sauti kilikuwa mezani. Aliuliza kama nataka kizimwe, nikasema kiache.

"Nitakubadilisha jina," aliniambia. "Nitawabadilisha wote. Ndiyo sheria ya kazi yetu: msemaji afichwe."

Miaka mitano nililala nikijuta. Rukie alikuwa ananiletea mkate wa viazi kila Ijumaa, na kila Ijumaa niliupokea nikikwepa macho yake.

Kitabu kilifika mwaka 2004. Nilifunga mlango wa maktaba nikajitafuta ukurasa kwa ukurasa. Wasemaji thelathini na mmoja, wote kwa majina ya kubuni, na katikati yao nikajikuta: "Hasan, mchunga mbuzi. Orodha aliiandika baba yangu." Nikapumua. Nani angemjua Hasan, katikati ya watu thelathini ambao nao hawajulikani?

Nevena alikuja kukizindua, na Krastanov akaja naye kuwakilisha chuo. Tulijaa maktabani. Rukie alikuwa amesomewa sehemu yake na mjukuu wake. Akasimama.

"Binti, hapa naitwa Emine."

"Ndiyo, bibi. Ni kwa ajili ya kukulinda."

"Wale askari nao walisema ni kwa faida yangu. Wao waliniita Rositsa, wewe umeniita Emine. Mama yangu aliniita nani?"

"Rukie."

"Kumbe unajua. Nilikwambia mwenyewe, barazani kwangu, nikakuamini. Halafu ukanivua jina."

Miaka kumi na moja tulimshuku Nevena kwamba amekuja kutubadilisha majina tena, na sasa alikuwa amefanya hilohilo, kwa nia njema, kwa kufuata sheria. Nilimwona uso ukimshuka. Nilimhurumia, na nikajishangaa.

Akatoa kalamu, akaweka nakala ya maktaba mezani. "Njooni mjiandike wenyewe," alisema. "Na chapa ya pili nitaitoa hivyo."

Wakajipanga mstari. Wote tulikumbuka mstari mwingine. Mmoja mmoja alikata jina la kubuni akaandika lake. Mimi nilisimama nyuma. Kila jina likiandikwa, mahali pa kujificha palipungua. Mwisho wakabaki thelathini wenye majina yao, na Hasan.

Rukie alimtaka mjukuu amsomee ukurasa wa Hasan mara mbili. "Huyu Hasan ni nani?" akauliza. "Anasema babake ndiye aliyeiandika orodha. Mwana wa nani huyu?"

Nevena hakunitazama hata kidogo. "Hasan hayupo, bibi," alisema. "Nimemtunga."

Krastanov akainua kichwa. "Umemtunga shahidi, mwenzangu? Basi na hao wengine tutawaaminije?" Na akaanza kuandika, taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa neno lile kitabu chake kingetupwa, na yeye pamoja nacho, na watu thelathini waliokwisha kujiandika wangeitwa waongo. Kazi yake yote aliiweka mezani ili mimi niendelee kula mkate wa viazi. Ni mara yangu ya kwanza maishani kumtazama mtu nikakosa cha kumshuku.

Nikaenda mezani. Nikamkata Hasan, nikaandika: Salih, mwana wa Yusein karani.

Krastanov akafunika kalamu yake. Rukie akanigeukia.

"Jina la Ramadan wangu lilikuwa la ngapi?"

"La tisa."

Akavuta kitambaa chake kichwani, akatoka.

Uprofesa Nevena hakuupata hata hivyo. Sasa amestaafu, bado huja kila kiangazi, bado sindano inamshinda, na hukaa kwenye baraza ileile ya Rukie. Mimi sialikwi. Rukie hakunitukana hata siku moja, wala hakuwaambia watu wanitenge. Akipita maktabani asubuhi hunisalimia vizuri kabisa: "Hujambo, Salih wa Yusein."

Kabla ya siku ile alikuwa akiniita mwanangu.