Dawa Niliyoifuata Goma

Niliondoka Masisi kwa sababu ya woga wangu mwenyewe. Binti yangu Riziki, mwenye miaka kumi na sita, ana kifafa. Alipomaliza miezi mingi bila kuanguka, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba amepona, na akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya hapo ningeendeleaje kumpa vidonge? Nilimwachisha. Haikupita muda akaanza kuanguka tena, siku nyingine mara mbili. Kituo cha afya kiko karibu na kwetu, lakini muuguzi wake anaimba kwaya pamoja nasi. Nikaamua kutafuta dawa Goma, ambako hakuna mtu angejua.

Jumatatu asubuhi nilipanda pikipiki. Mvua ilitupiga kuanzia Sake, na tulipopita ziwa la Lac Vert nilikuwa nimelowa chapachapa. Jioni nilifika Goma, mtaa wa Majengo, kwa dada yangu. Aliniandalia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Mutoto umemuachia nani?" aliniuliza.

"Mama yake. Akienda ku shamba, majirani wako pale."

Dada alinitandikia mkeka, nami nikalala nikijiambia ni siku mbili tu.

Jumanne nilikwenda mtaa wa Katindo, kwenye zahanati ndogo. Muuguzi, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muzee, hii dawa haikatwake mara moja. Ukiikata, ugonjwa inarudia na nguvu."

Akanieleza kwamba Riziki asiachwe peke yake karibu na moto wala maji. Akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Nikamuuliza juu ya povu linalomtoka mdomoni, maana kwetu watu hawamgusi mpaka likauke.

"Mate haiambukizake mutu. Mumushike tu." Alinipa vidonge, kisha akaniuliza, "Lakini juu ya nini umetoka mbali hivi? Ku centre ya kwenu dawa ni hii hii."

Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumatano mchana nilifika nyumbani, nikakuta watu uani, wamesimama mbali na jiko. Asubuhi ile Riziki alikuwa akikoroga maharage, akaanguka, mkono ukaingia kwenye moto. Majirani walikuja mbio, wakaishia mlangoni pa jiko kwa kuogopa povu. Mama yake ndiye aliyemtoa, aliporudi kutoka shambani.

"Tuliogopa, Papa Riziki," jirani mmoja aliniambia.

Ningemlaumu vipi? Nyumbani kwangu Riziki ana sahani yake peke yake, na niliyeitenga ni mimi.

Maneno yote ya muuguzi nilikuwa nayo kichwani, na hayakuwa na kazi tena. Nilichojifunza safarini ningejifunza kwa kutembea dakika chache tu, kama nisingeogopa watu wa kanisa langu. Moyo wangu umevunjika, na sitafuti wa kunifariji.

Siku hizi Riziki anameza dawa uani, kila mtu akiona. Anashika kikombe kwa mkono wa kuume. Wa kushoto hauna vidole.