Siku Kikohozi cha Tata Kilipoonekana Ukutani

Nacheka sasa, lakini wenzangu, siku ile ningeonyeshwa shimo lolote la mgodi wa Musonoi ningejitupa ndani bila kuuliza kina.

Mimi natunza maktaba ya chuo cha udaktari hapa Kolwezi. Kila tasnifu naichagulia jina la ugonjwa kutoka orodha rasmi, jina moja tu kwa ugonjwa mmoja (ndiyo kazi ya orodha, watu wasijibunie), ili anayetafuta kwenye kompyuta, ordinatere tunavyoiita hapa, azikute zote pamoja. Vumbi la mgodi likikaa mapafuni, orodha inasema pneumoconiose, basi.

Sasa alasiri moja mvua inanyesha taratibu juu ya bati, nina tasnifu sita za zamani za vumbi hilo mezani, usingizi unakuja na kuondoka, na kila ukurasa nausikia ukikohoa kama Tata, baba yangu, aliyechimba shaba maisha yake yote na sasa anakaa mlangoni kule Kapata akitazama mawingu, nikajiona mtoto tena, nimelala, namsikia ng'ambo ya ukuta, najua yupo. Mahali pa jina la ugonjwa mkono ukaandika "kikohozi ya Tata". Nikaliona. Nikasema nitarekebisha kesho (kesho hiyo!), na zile tano nyingine nikazipa jina hilohilo zisitengane.

Miezi ikapita. Kalenga, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akasimama kutetea tasnifu yake, mama yake yuko mbele na kitenge kipya, akatangaza kwamba chuoni kwetu hakuna aliyewahi kuandika juu ya pneumoconiose.

Dokta Kazadi, mkuu wa jopo, akavua miwani. "Hakuna? Na ile yangu? Mi njo niliandika, humu humu!"

"Nilitafuta, Dokta. Ordinatere ilisema hakuna kitu."

"Mama Odile, kuya utafute. Bantu bote baone."

Mama Odile ndiye mimi; nikaketi kwenye kompyuta ya ukumbi, na kila nilichoandika projekta ikakionyesha ukutani. Pneumoconiose: hakuna. Ningeweza kunyamaza, lakini Kalenga angeanguka kwa uvivu usio wake, nikaandika neno langu kwa kidole kimoja, na tasnifu sita zikajitokeza chini ya KIKOHOZI YA TATA, ya Dokta ikiwa juu kabisa. Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Tata ya nani?" Dokta akauliza.

"Yangu. Muache mutoto, Dokta. Kosa ni yangu."

Kalenga akapewa wiki mbili arekebishe sura iliyosema hakuna aliyewahi kuandika, akapita. Mama yake hadi leo hanisalimu, na simlaumu.

Tangu hapo usingizi ukinijia nafunga orodha, natoka kutembea mvuani, siandiki hata herufi moja. Nilitaka kulifuta neno lile, Dokta akanizuia. "Andika: kikohozi ya Tata, tazama pneumoconiose. Bagonjwa yetu banasemaka vile."

Jioni ya siku ile ya ukumbini nilimsimulia Tata. "Njo kusema niliingia mu ordinatere?" Akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikaweka mkono mgongoni mwake, nikasubiri kiishe.