Mkanda wa Mtaliano

Wifi yangu ni fundi wa viti. Huvisha ngozi viti vya magari na pikipiki katika chumba chembamba kilichopachikwa ubavuni mwa gereji ya marehemu kaka yangu. Cherehani yake ni ile nzito ya kushonea ngozi, na ukikaa nje unaweza kujua kwa mlio wake tu kama yuko kwenye mshono ulionyooka au anakata kona.

Kaka alikuwa na pikipiki moja ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Ilikuwa ya Kiitaliano, nyekundu, iliyoundwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano kisha ikafungwa taa kwa shingo upande ili iruhusiwe barabarani. Pale gerejini waliiita Mtaliano. Usukani wake uko chini mno, mwendeshaji hulala juu ya tangi kama mtu anayechungulia kisima. Kwenye foleni ya magari ilimchoma kaka mapaja. Haikufaa kwenda sokoni wala kazini, na nyuma ya kiti cha dereva hakuna pa kukaa mtu, kuna mkia tu uliochongoka. Wifi ndiye aliyekivisha kiti hicho kimoja, sponji yake nyembamba kama daftari. Katika ndoa yao yote hakuipanda hata siku moja.

"Shemeji, huyu ni mke mwenza," Msumari alizoea kumtania. Msumari ni fundi aliyejifunza kazi pamoja na kaka. Jina alilipata kwa wembamba.

"Mke mwenza hajui hata kuchemsha maji," wifi alijibu, "na bado anapakwa mafuta kuliko mimi."

Lakini kulikuwa na kazi moja ya Mtaliano iliyokuwa yake. Katika injini nyingi valvu husukumwa na chuma ili ifunguke, kisha springi huirudisha. Ya Mtaliano hufunguliwa na chuma na kufungwa na chuma, kwa sababu kwa kasi ya mashindano springi huchelewa. Vyuma vyote hivyo huzungushwa na mikanda miwili ya mpira. Mkanda ukilegea huruka jino, pistoni ikagonga valvu, na injini ndiyo imekwenda. Ukikaza mno, unakula beringi. Tena huzeeka hata pikipiki ikiwa imesimama tu, kwa hiyo lazima ubadilishwe. Kila alipofunga mikanda mipya, kaka alimwita mkewe kutoka kwenye cherehani. Alisema mtu anayejua uzi anajua mkanda. Wifi aliubonyeza kwa dole gumba, akasema "kaza", au "legeza", au "hapo hapo". Kaka alipima baadaye kwa kifaa, na hakuwahi kubadilisha.

Kaka hakufa juu ya Mtaliano, ingawa wengi walidhani hivyo. Alikufa kwa figo, kitandani. Wifi hakulia. Mashangazi walisema machozi yatakuja yenyewe, tumpe muda. Alirudi kazini, akala alichopewa, akajibu alichoulizwa. Kisha viti vikaanza kurudishwa. Mshono ulikuwa umevuta, ngozi imejikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Dereva mmoja aliweka kiti chake mezani, akamwonyesha. Wifi akapitisha kidole pale pale penye mikunjo.

"Sioni kitu," alisema.

Dereva alipoondoka na kiti chake, wifi alinigeukia. "Mikono imekufa ganzi," aliniambia, kama mtu anayesema chumvi imeisha.

Ndipo akakubali kuiuza Mtaliano kwa daktari wa meno aliyekuwa akiitamani tangu kaka yu hai. Alitoa sharti moja: mikanda ibadilishwe kwanza, na yeye aishike.

"Nisipousikia mkanda huu kidoleni," aliniambia, "na cherehani nauza. Sitaki kuharibia watu ngozi zao."

Nimesoma hadi chuo, lakini kwa jambo kama hilo niliweza tu kumshikia mkoba.

Siku ya kuuza, Msumari alifungua maganda mekundu ya Mtaliano, akafunga mikanda mipya. Daktari alisimama kando, heshima zake zote, kofia mpya ya pikipiki mkononi. Msumari akajifuta mikono.

"Haya, shemeji."

Wifi aliinama, akaweka dole gumba. Akabonyeza. Akabonyeza tena, macho kwenye ukuta. Kisha akashika mkanda wa pili.

"Sijui," alisema.

Msumari akachukua kipimo chake, akajaribu mkanda mmoja, akajaribu wa pili. "Kipimo kinasema sawa," alisema kwa sauti ya chini. Wifi akafuta kidole kwenye gauni.

Wakaiwasha. Klachi ya Mtaliano ni kavu, haiogi kwenye oili, na injini ikiwa imetulia hugonga kama vijiko ndani ya sufuria. Daktari akarudi hatua moja.

"Kuna kitu kimelegea humo?"

"Daktari, hayo ndiyo meno yake," Msumari akasema. "Siku yakinyamaza ndiyo utuite."

Daktari akacheka. Wifi hakucheka. Mtaliano ikatoka getini, mlio wake ukasikika hadi kwenye kona, ukakatika. Niliyasubiri machozi, yake au yangu. Hayakuja ya yeyote.

Tukaiburuta meza ya kukatia ngozi hadi pale iliposimama pikipiki. Msumari akauliza, bila kumtazama mtu, kama atafute mnunuzi wa cherehani. Wifi akasema ngoja amalize kiti kilichokuwa kwenye sindano, kina mwenyewe. Akakaa. Cherehani ikalia, ikanyooka, ikafika kona, ikanyamaza.

Nilidhani uzi umekatika. Nilipoingia, alikuwa ameinua ngozi na dole gumba liko juu ya mshono, linakwenda na kurudi.

"Umekaza," alisema.

"Nini?"

"Uzi. Umekaza sana."

Akachukua wembe, akaufumua mshono wote, tundu kwa tundu, kisha akalegeza kidogo skrubu ya cherehani. Uso wake ulikuwa ule ule. Nilimuuliza nimwambie nini Msumari.

"Mwambie yule dereva arudishe kiti chake," alisema, akaweka ngozi upya chini ya sindano.