Chifu Alipojiona Katika Picha Yangu

Mwaka wa 1974 niliamriwa nimchome moto mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita.

Sikutanii. Tulia nikupe kisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naandika mabango ya maduka mjini Nyeri. Jina langu ni Watiri, nao wakaniita Watiri wa rangi. Mzee Shashikant, mwenye duka la vitabu, aliniazima kitabu cha kale cha Ulaya kilichowakejeli wakubwa wa enzi hizo. Jaji mla rushwa, daktari muongo, na bwana mmoja mnene aliyelalia mali ya maskini.

Nilicheka hadi machozi. Watu hao nilikuwa nawajua!

Kitabu hakikuwa na picha, nikazichora mwenyewe kwa wino, kumi na mbili. Yule bwana mnene nikamlaza kitandani, nikamvika kofia ya chifu. Shashikant akazibandika dirishani.

Siku ya tatu Chifu Ngatia wa kwetu akaja anahema.

"Wewe msichana, umenichora!"

"Chifu, huyo ni mzungu wa kitabu. Alikufa kitambo."

"Na kofia yangu alitoa wapi?"

Kusema kweli, lile tumbo la Chifu nilikuwa nimelilenga.

"Alhamisi leta picha zote kwa baraza. Utachoma wewe mwenyewe, na uape hutachora tena. Ukikataa, utalala ndani."

Alipotoka, Shashikant akaninong'oneza, "Choma tu, mtoto. Karatasi iko mingi."

Niliogopa, sifichi. Lakini niape nisichore tena? Heri selo.

Alhamisi uwanja ulijaa. Chifu akanipa kiberiti. Nikakirudisha mezani kwake.

"Sichomi. Kwanza sema hii picha imekukosea wapi."

Mama yangu, Kabura, akajifunika uso kwa kitambaa.

Chifu akapandwa na hasira, akainua picha ya yule mnene watu wote waione. "Ati wapi? Si muone wenyewe! Amenichora nimelala, na mabati ya shule iko chini ya kitanda yangu!"

Mabati ya shule? Yale tuliyoyachangia kwa harambee, wengine wakauza mbuzi? Chifu mwenyewe alitutangazia kwamba lori lilipinduka Sagana, mabati yakaibwa yote.

Mama akafunua uso. "Ngatia, mabati gani?"

Nikaitazama picha yangu. Chini ya kitanda sikuwa nimechora kitu. Wino hauna kijivu, kwa hivyo kivuli nakitengeneza kwa mistari, mmoja kando ya mwingine. Sisi wote tuliona giza. Yeye aliona mabati, kwa sababu alijua yako wapi.

Watu hawakungoja baraza lifungwe. Walienda moja kwa moja hadi chumbani kwake, wakakiinua kitanda. Mabati yalikuwa pale, bado yamefungwa kamba za dukani.

Jumamosi tulipiga misumari kwenye paa la shule.

Wewe unayechora, usihangaike kumtafuta mwizi. Chora kivuli kizuri tu, atajileta.