Siku Dinah Alipomzika Mzee Cornelius

Dinah Mwikali alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka hamsini na mmoja, nyuma ya maghorofa ya halmashauri huko Tottenham, London, majirani wakichungulia madirishani. Alianguka mara nne siku ya kwanza, akajipangusa, akapanda tena. Alikuwa nesi wa wodi kwa miaka mingi, na mtu aliyezoea kuosha maiti na kubishana na madaktari haoni haya ya kuanguka mbele za watu.

Mwaka uliofuata akajiunga na kundi la waendesha baiskeli la Mohinder, fundi seremala mstaafu wa Southall, mzaliwa wa Kisumu. Kila Alhamisi walizuru makanisa ya kale ya Kikatoliki. Mohinder ni Singasinga, na aliyemuuliza anatafuta nini huko alijibiwa, "Nataka kuona kazi za mafundi wenzangu."

Alhamisi moja ya Machi walitoka watano. Walianzia Holborn, katika kanisa la Mtakatifu Etheldreda, Dinah akawasha mshumaa kumkumbuka babake, aliyekuwa katekista Machakos. Kisha wakavuka mto hadi kanisa dogo la matofali. Waliposukuma mlango, wakakuta jeneza mbele ya altare. Padri alikuwepo, na watu wawili wa kampuni ya mazishi. Viti vyote vitupu.

"Tutoke," Usha, mfamasia wa Ilford, akanong'ona. "Tumeingilia msiba wa watu."

"Watu gani?" Dinah akauliza. Akavua kofia yake ya baiskeli, akamwendea padri. "Father, wenyewe wako wapi?"

"Hana mtu. Anaitwa Cornelius Driscoll, wa Ayalandi. Aliendesha basi hapa London miaka thelathini."

"Basi sisi ndio wenyewe. Kwetu mtu hazikwi na watatu."

Akawaita wenzake kwa mkono, wakaketi viti vya mbele na kaptura zao na viatu vilivyotapakaa matope. Padri akaanza misa kwa sauti iliyopata nguvu ghafla.

Ulipofika wakati wa kumuaga marehemu, mpiga kinanda hakuwepo. Dinah akasimama, akaanza wimbo wa mazishi wa kwao, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyekulia kwenye kwaya. Ubeti wa pili, sauti nzito ikamwitikia kutoka ubavuni. Alikuwa Mohinder.

"Nilisoma shule ya misheni," akamnong'oneza walipomaliza. "Sauti ya bass ilikuwa yangu."

Wabebaji walikuwa wawili tu. Mohinder akashika upande mmoja, Dinah mwingine, wakamtoa Cornelius hadi garini. Kisha wakapanda baiskeli zao, watano kwa mstari mmoja, wakalifuata gari la maiti polepole. Njia panda, dereva wa basi akasimamisha basi lake, akazima injini mpaka wapite.

Kaburini Dinah alitupa udongo konzi tatu. "Nenda salama, mzee," akasema. "Umesindikizwa."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Wakala chapati za Usha wakiwa wamesimama langoni, na chai ya thamosi. Usha akauliza kama sasa warudi nyumbani.

"Kurudi?" Dinah akasema, akifunga kofia yake. "Tumebakiza makanisa mawili."

Akatangulia.