Hodi ya Delfina Ng'ambo ya Daraja

Haya ninayoandika hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi Revokatus, niliyeishia darasa la tano kwa sababu mwalimu aliogopa nitampita, nilipoyasikia nilimwambia shemeji yangu Delfina, "Apa!" Akaapa.

Delfina anafunga maboksi kwenye ghala moja huku Okolona, kusini mwa Louisville. Duniani kabakiwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wake Zita. Kule kambini Tanzania nyumba zao zilipakana ukuta, wakapigiana hodi kutwa nzima: naomba chumvi, naomba moto, naomba umbea. Kisha Zita akapelekwa Kanada, Delfina Amerika. Enzi hizo mkimbizi alisafiri na mfuko mweupe wa plastiki kifuani, karatasi zake zote humo, akisukumwa uwanja hadi uwanja kama mbuzi wa mnada. Ukipotea, ndugu zako watajua mwakani.

Siku hizi hata kupotea ni marufuku. Olivier, mtoto wa Delfina, aliwawekea wote apu inayoonyesha kila mmoja alipo, kidoti cha buluu kwenye ramani. Zita naye akaingizwa humo. Delfina akikawia sokoni, simu inalia kutoka Kanada: "Dada, mbona umeganda kwenye samaki?"

Ndipo Delfina akatangaza: "Siku nikienda kwa Zita nitapiga hodi. Hodi ya kweli, asijue nakuja."

Olivier akacheka. "Mama, atakuona tangu njiani. Na bila simu, hata mpakani hufiki."

"Mimi nilivuka mto Malagarasi kwenye giza, risasi zinalia. Nitashindwa na daraja la mpakani lenye taa?"

Mwezi wa sita akaaga kwamba anaenda Columbus kwa Joselyne, rafiki yake wa kambini. Hakudanganya, alifika kweli. Ila walipomaliza ugali, akamkabidhi Joselyne simu yake.

"Itembeze, dada. Ipeleke kanisani, ipeleke dukani. Ikilala sana wataogopa, ikikimbia sana wataogopa zaidi."

Asubuhi akapanda basi la Buffalo, pasipoti na tiketi ya karatasi kazifungia kwenye pindo la kitenge. Kidoti kikabaki Columbus, kikiimba kwaya. Olivier alipopiga, Joselyne alimjibu, "Mama anaoga." Alipopiga tena: "Bado anaoga."

Buffalo akabadilisha basi, aingie la kuvuka mpaka. Dereva akamuuliza simu yenye tiketi iko wapi.

"Iko kanisani," akasema Delfina, akafungua kitenge. Dereva akaipokea karatasi kwa vidole viwili, kama aliyepewa panya.

Ng'ambo ya daraja, mashine ikampiga picha ya uso na kumtambua papo hapo. Delfina akaikodolea macho: yaani kitu hiki kimemjua kabla ya ndugu yake! Ofisa akauliza, "Mwenyeji wako anajua kwamba unakuja?"

"Akijua, hodi ya nini?"

Kiingereza chake kinachechemea, lakini kilifika. Ofisa akamrudishia pasipoti.

Mjini kwa Zita hakuwa na ramani, alikuwa na mdomo. Akamwona mama mmoja kambeba mtoto mgongoni kwa kitenge, akamsalimia kwa Kirundi, akamtajia Zita anayeimba kwaya. Yule mama hakumwelekeza. Alimshika mkono akampeleka mpaka mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu!" ikajibu sauti ya Zita kutoka jikoni, haraka, kama zamani, kabla mwenyewe hajafikiri. Lakini pale mezani simu ilimwambia kwamba dada yake yuko Columbus, kanisani.

Zita akafungua mlango. Akamtazama Delfina, akageuka kutazama simu, akamtazama tena Delfina. Hapo, wapenzi wasomaji, akapiga yowe, vioo vya mtaa mzima vikapasuka, zimamoto wakaja, na helikopta ikatua juu ya paa, rubani akachungulia akauliza...

"Shemeji Revokatus!" Ni Delfina, kumbe anasoma begani kwangu. "Helikopta gani hiyo? Zita alilia, akanitukana, akanipakulia maharage. Basi. Futa!"

"Nafuta, shemeji, nafuta. Helikopta haikuwepo. Basi wale zimamoto wakasimamisha ngazi, ikafika mpaka..."

"Shemeji!"