Jengo na Mwamba Viwe Rangi Moja

Jambo zima lilitugharimu shilingi milioni ishirini na tisa, laki tatu na elfu arobaini. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau nauli, mara ya pili nikatamani ningezisahau tena. Ng'ombe sita wamo humo humo kwenye milioni, lakini dada yangu anataka watajwe peke yao, kwa sababu alikuwa anawajua kwa sura.

Dada ni mkubwa wangu, mjane, anaishi kijiji cha rasini, mwendo wa mashua kutoka mwalo wa Mwigobero, Musoma. Mume wake alipofariki, shemeji zake waligawana mashamba ya mihogo na pamba, yeye wakamwachia mawe. Si mawe ya kuokota. Ni majabali makubwa kama kanisa, yamepandana juu ya ziwa kama vile aliyekuwa anayapanga aliitwa kula akaacha kazi. Hayalimiki, na wakazi wake ni pimbi. Dada alikaa nayo miaka kumi na moja. Wageni walipoanza kupita na mashua wakiyapiga picha, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, hawa watu wanalalaga wapi?"

Mimi ni dalali wa vifaa vya ujenzi pale Iringo, Musoma mjini. Duka sina, nina simu na maneno. Tukakubaliana ajenge vyumba viwili vya wageni. Yeye tayari alijua anachotaka: bati la bluu, lionekane kutoka mbali, mtu aliye kwenye mashua aseme pale ndipo kwa mama fulani. Mengine yote angevumilia, hata choo kikiwa kimepinda.

Mimi ndiye niliyemharibia. Nilikuwa nimesikia kwamba wageni wa siku hizi wanakimbia bati, nikamtafutia msanifu majengo, kijana wa Dar aliyekuwa amekuja Musoma harusini. Kijana akapanda majabali na viatu vyake vya harusi, akashuka akasema nyumba bora ya pale ni ile isiyoonekana. Itoke kwenye mwamba kama ilikuwemo siku zote. Paa liwe la udongo, liote nyasi. Dada alimsikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kwa lugha ya nyumbani huyu kijana anadaiwa na nani, maana kwetu mtu hajengi nyumba ya kujificha bila sababu.

Halafu akamgeukia mwenyewe. "Injinia, mimi miaka yote hii sionekani, na ni bure. Sasa nilipie?"

Kijana akasema yeye si injinia, ni msanifu. Hakuna aliyemsikia, na hadi leo ni injinia.

Nilimbembeleza dada siku tatu. Nikamwambia kuna kampuni ya utalii ambayo injinia anafahamiana nayo, wangeleta wageni wao pale moja kwa moja, ila wanataka nyumba ya namna hiyo tu. Akauza ng'ombe. Alinitazama tu, mtazamo ambao ukiwa mdogo wa mtu unaujua.

Ndipo nikaingia kwenye kazi yangu. Injinia alitaka alipwe michoro pamoja na safari tatu za kukagua. Nikamshusha hadi safari moja, ya mwisho. Maelekezo mengine yote atume kwa simu. Nilijisifu Iringo nzima. Fundi nikamtoa Butiama, mtu mzima anayepasua jiwe kwa utaratibu hadi linapasuka anapotaka yeye. Na kusema kweli kuta zilipanda vizuri. Siku moja nilikwenda pale nikaupita mlango bila kuuona, nikarudi, nikaupita tena. Nilisimama pale peke yangu nikafurahi, jambo ambalo halinitokeagi kwenye ujenzi.

Nilikuwa Bunda natafuta mbao za milango ujumbe wa injinia ulipoingia: "Jengo na mwamba viwe rangi moja. Mtu akiwa ziwani asijue nyumba inaanzia wapi." Nikausoma mara mbili, nikamrushia fundi. Jioni fundi akapiga kuomba makopo ishirini ya rangi ya mafuta.

"Ishirini? Kwa vyumba viwili?"

"Maelekezo ndiyo hayo, bosi."

Sasa mimi hesabu za mafundi nazijua. Akiomba ishirini, anahitaji kumi na nne, sita yana safari nyingine. Tukavutana hadi salio likaisha, akapiga tena, tukavutana. Nikamtumia hela ya kumi na nne. Sikuuliza ya kupaka nini, wala rangi gani. Nilikuwa nashinda.

Wiki mbili baadaye injinia akaja kwa ile safari yake moja, na kamera. Pale Mwigobero, kati ya akina mama wa dagaa, nikamwambia mwenye mashua kijiji tunachokwenda. Akauliza kijiji chenyewe au kwenye jiwe la bluu. Injinia akanitazama. Mimi nikatazama dagaa.

Tuliliona kabla hatujafika nusu ya njia. Nyumba ilikuwa bluu. Jabali lililoibeba lilikuwa bluu, na la pembeni yake pia, ile bluu ya bati kabisa, hadi kwenye kisogo cha jabali, ambako rangi ilikatika ghafla. Tulipokaribia, pimbi mmoja alikuwa amekaa juu anaota jua, naye ana bluu tumboni.

Fundi alitupokea ufukweni na simu mkononi, ameshaufungua ujumbe. Imeandikwa rangi moja, alisema. Rangi gani haikuandikwa, kwa hiyo walimuuliza mama mwenye nyumba. Na kisogo hakikupakwa kwa sababu mimi niliwanyima makopo.

Dada akatoka amevaa kitenge cha kanisani. "Injinia, karibu. Haya, nionyeshe nyumba inaanzia wapi."

Kijana alitazama muda mrefu. Hakuweza.

Kisha akanivuta pembeni. Rangi itoke kwenye mawe yote, ndipo atapiga picha na kampuni italeta wageni. Isipotoka, hapana. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nilipomweleza dada, alikuwa anamwaga chai, na hakuacha kumwaga.

"Walinipa haya mawe kwa sababu hakuna aliyeyataka. Sasa mashua zinapunguza mwendo, watu wananipungia mkono. Wananiita mama wa jiwe. Uje uniambie nisugue?"

Jumapili vijana wa Musoma mjini hujaa pale kupiga picha. Wanakunywa soda mbili mbili, wanarudi kwao. Kulala hajalala mtu. Jana dada alinipigia, akasema vyumba vinanuka upya, na upya huo unamtia huzuni. Lakini kusugua hasugui. Akamaliza hivi: "Wewe ndiye uliyeniletea injinia, wewe umjibu."

Mwezi umebakiza siku tisa. Nimehesabu kwa kalenda ya ukutani, nikahesabu na ya simu. Ujumbe wa injinia wa kuuliza kama rangi imetoka uko wazi hapa mbele yangu, unangoja. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuwa na dada mkubwa aliyeuza ng'ombe kwa neno lako, nisaidie: nimjibu nini huyu kijana?